Taarifa kwa Daktari Lisanti

Daktari, nimetii. Karibu yote.
Karatasi yako nimeibandika kwenye jokofu,
na mke wangu Incoronata, aliyevunjika mkono
(wa kulia; ngazi za kanisa, ndoo ya sabuni),
ameketi jikoni kama hakimu wa rufaa,
ananihukumu kitunguu kwa kitunguu.

"Nyembamba zaidi. Hupasui kuni."

Mamumunye mawili, bado yana maua yake.
Biringanya moja. Pilipili hoho.
Nyanya za jirani Teodora, zilizopasuka kwa jua
na kwa hiyo akatupa bure.
Mafuta ya zeituni, kijiko kimoja, uliandika;
hukuandika kijiko cha ukubwa gani.
Kitunguu saumu kikaanza kunong'ona kikaangoni,
kisha kikasema wazi,
mpaka paka wa ghorofa ya tatu akaja mlangoni
na madai.

Ndipo nikafungua pakiti yako.
Tambi za ngano isiyokobolewa:
kahawia, kavu, rangi ya kamba ya kufungia punda.
Nilizitia majini, harufu ikapanda,
nikabaki nimesimama, mwiko hewani.

Naijua harufu hii, Daktari.
Wewe umeisoma vitabuni, mimi nimelala nayo.
Ni unga wa mama yangu Serafina, hapa hapa Irsina,
unga na pumba zake, na kijiwe kimoja kimoja
cha kuyakumbusha meno kwamba shamba si letu.
Unga mweupe ulikuwa wa nyumba zenye roshani.
Dada yangu alipoolewa
mama aliazima chekeche,
akachekecha usiku kucha, hata nyusi zikaota mvi ya siku moja.
Pumba akawamwagia kuku.
Kuku wakatazamana.

Nilipofika miaka kumi na saba nikapanda treni kwenda Torino
kufunga milango ya magari ya watu wengine.
Wanasema tulifuata mshahara.
Mimi nilifuata tambi nyeupe.
Nikala nyeupe Jumatatu, nyeupe Jumanne,
nyeupe miaka arobaini,
mpaka mishipa ikaziba
nawe ukaniandikia, kwa kalamu yako nzuri,
chakula kile kile nilichokikimbia,
tena kwa bei maradufu.

Incoronata alipolisikia hilo
alicheka mpaka plasta ikamuuma.

Nikazichuja zikiwa na ubishi kidogo ndani,
maana tambi iliyokubali kila kitu haifai.
("Maji hayo usimwage, mwanaume wewe!")
Kikombe kimoja cha maji yake kikarudi kikaangoni,
mboga zikalainika, zikazishika tambi viuno.
Rehani nikaichana kwa vidole.
Chumvi, hapana. Naapa. Ndimu tu.

Sasa jibini. Hapa nateremsha sauti.
Gramu kumi, uliandika, na mizani tunayo.
Ni jibini ya kondoo, ngumu, ganda jeusi,
ameileta Canio wa juu mlimani
ambaye hajawahi kuuza gramu kumi za kitu chochote.
Nikaanza kukwaruza. Nikafika kumi.
Mkono, Daktari, una uzito wake,
ukianza kuteremka hausimami mara moja.
Incoronata, ambaye tangu asubuhi hakupepesa jicho,
akageukia dirisha, akaanza kuyasifu mawingu.

Hakukuwa na mawingu.

Nikamlisha kwa uma, kwa sababu ya mkono wake.
Sijamlisha mtu tangu watoto walipokuwa wadogo
na nililenga vibaya, nyanya ikamwangukia kifuani.
Akatafuna taratibu, macho kwenye sahani.
"Mama yako angekuwepo," akasema,
"angeuliza kitu kimoja tu:
chekeche mmemrudishia nani?"

Nikaonja na mimi.
Ilikuwa nzuri. Nilikasirika kidogo.
Pumba zilikaa ulimini kama neno la zamani
ambalo sikudhani bado nalijua kulitamka,
na tulipomaliza hatukuwa wazito,
tukaosha vyombo, mkono wangu mmoja na wake mmoja,
sufuria ikatuponyoka mara mbili.

Damu nitakuja kupimwa Alhamisi.
Kuhusu ile jibini
shahidi ninaye, lakini hakuona.